UZI: Nimekatwa ngozi ya mikono iliyokuwa ikining'inia. Unayefikiria kufanya, soma kabla hujalipa

Mwalimu_Chake (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlioko bara.

Kila mara naona mtu anauliza humu namna ya kuondoa manyama uzembe ya mikono, na wanaomjibu ni wauza mafuta ya kupaka na mikanda ya kubana. Mie nimefanyiwa upasuaji wenyewe. Mwaka na miezi minne imepita, mikono yangu naijua sasa, nikaona niandike yote, mazuri na mabaya. Hospitali siitaji na daktari simtaji, naomba msinifuate faragha kwa hilo.

Nna miaka 43, nasomesha skuli hapa Chake Chake, watoto wanne. Nilifika kilo 112 na sukari juu. Kwa chakula na kutembea nikashuka mpaka kilo 66, miaka miwili na nusu. Sukari ikatulia, magoti yakanyamaza, alhamdulillah. Ila ngozi ilibaki pale pale. Nikinyoosha mkono kuandika ubaoni, nyama ya chini inacheza kama nguo kambani, na wale watoto wa dawati la mbele wanaona. Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni kaskazi: joto, buibui, jasho limejikusanya kwenye mikunjo hadi kwapani, upele na fangasi hawaishi. Poda, dawa ya kupaka, poda tena. Usiku nalala nimetandaza mikono kama naanikwa.

Kwanza habari ya mazoezi, maana ndiyo watu watakayoniambia. Nilinyanyua vyuma mwaka mzima. Msuli wa nyuma ya mkono unakua kweli, lakini ngozi iliyotanuka miaka mingi nyuzi zake za kuvutika zimeshakatika, hairudi kwa chuma wala kwa mafuta ya nazi. Daktari atakubana kwa vidole aone amekamata nini. Akikamata mafuta na ngozi bado ina nguvu, huenda kunyonya mafuta kwa vitundu vidogo kukatosha. Akiona ngozi imelegea karibu na kwapa tu, anaweza kukata mlemle kwapani na kovu likajificha. Ikiwa imelegea mkono mzima kama yangu, anapasua toka kwapani mpaka karibu na kiwiko. Na wapo ambao mkato unashuka mpaka ubavuni.

Sasa KOVU, na hapa naomba mnisikilize sana. Langu lina urefu wa shibiri moja na nusu, kila mkono. Halijifichi. Wengine hukatwa upande wa ndani wa mkono, wengine nyuma, na unatakiwa uulize mapema mstari utapita wapi, kwa sababu daktari huuchora kwa kalamu ukiwa umesimama, kabla hujalala. Picha wanazotuma mitandaoni mwanamke amebana mikono ubavuni, kovu halionekani. Mwombe daktari picha za watu weusi, mikono imeinuliwa juu, miezi sita na mwaka baada ya upasuaji. Mie sikuomba.

Ngozi zetu nyeusi zina tabia ya kuotesha kovu nene. Jitazame mwenyewe kabla hujamtazama daktari: tundu ulilotogwa sikioni limeota kinundu? Alama ya chanjo ya kifua kikuu begani imevimba na kung'aa? Mshono wa uzazi umetulia au umejaa na unawasha? Ikiwa majibu ni ndiyo, kovu nene la namna hiyo unaweza kulipata la shibiri moja na nusu mara mbili. Mie mshono wangu wa uzazi ulikuwa umevimba kidogo upande mmoja na hakuna aliyeniuliza. Kovu la mkono wa kushoto likaja kuota vilevile, nikachomwa sindano za kulisinyaza mara tatu. Zinauma kuliko upasuaji.

Kovu lenyewe huenda hivi: wiki za mwanzo ni mstari mwembamba, unafurahi. Kwenye mwezi wa tatu linakuwa jeusi, gumu, linawasha, unalia. Halafu pole pole linalainika. Madaktari huhesabu mwaka mpaka mwaka na nusu kabla ya kusema limekomaa. Vibandiko vya silikoni husaidia, kidonda kikishafunga kabisa, na kukanda kwa kidole kila siku. Jua huliongezea weusi, kwa hiyo mikono mirefu tunayovaa inatufaa hapo.

Maandalizi. Uzito uwe umesimama mahali pamoja miezi sita au zaidi. Ukikatwa huku bado unapungua, ngozi italegea tena. Sukari ikiwa haijatulia kidonda hakifungi, nilipimwa ile ya wastani wa miezi mitatu na tarehe ikasogezwa mbele mara moja. Damu ipimwe, maana waliopungua sana mara nyingi hawana chuma wala protini ya kutosha. Sigara na shisha ziachwe wiki kadhaa kabla na baada, zinaziba mishipa midogo inayolisha kidonda. Taja kila unachomeza: aspirini, vidonge vya uzazi wa mpango, habbat sauda, vidonge vya vitunguu saumu. Msione haya, vipo vinavyofanya damu itoke sana na vipo vinavyoigandisha. Na hina! Nilikwenda na piko kwenye kucha, harusi ya mtoto wa shangazi ilikuwa imepita karibuni. Kile kifaa wanachobana kidoleni kusoma hewa ya kwenye damu hakisomi vizuri kwenye kucha nyeusi. Muuguzi akahangaika hadi akakibana sikioni. Nenda na kucha tupu.

Siku yenyewe nililazwa nusu kaputi, ikachukua kama saa mbili na nusu. Nikaamka na bandeji toka viganjani hadi kwapani na mrija mwembamba kila upande unaotoa maji na damu kwenye kichupa. Mirija ilitolewa siku ya nne. Maumivu makali ni siku ya pili na ya tatu, na zaidi ni kubanwa, kama umevaa mkono wa gauni la mtoto. Unalala chali, mikono juu ya mito.

Jambo ambalo hakuna aliyenifungulia mdomo ni choo. Sisi tunatawadha kwa maji. Mikono yote miwili imefungwa, kiwiko hakikunjiki vizuri, nani atakushikia kopo? Chagua mtu wako kabla hujachagua tarehe. Mie alikuwa dada yangu, Mungu amlipe. Alinitawadhisha, alinilisha, alinichana nywele, alinifunga mtandio siku tisa. Kama huna mtu wa namna hiyo, ngoja mpaka umpate.

Kosa langu nalo niliseme. Wiki ya tatu nimesharudi Pemba, nimevaa zile soksi za mikono za kubana, najiona mzima. Wageni wakaja. Nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi moja. Moja tu. Usiku nikahisi maji kwapani, kuangalia mshono umefumuka, tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Lilichukua wiki tano kufunga kwa kusafishwa kila siku. Baadaye nikaambiwa hapo kwapani ndipo panapofumuka mara nyingi, ngozi inavutwa na jasho haliishi. Niliambiwa "usifanye kazi nzito". Nazi sikuihesabu kuwa nzito. Basi ukienda kwa daktari mtajie kazi kwa majina yake: kukuna nazi, kusonga ugali, kufua, kuvuta ndoo ya kisimani, kubeba mtoto, kuanika nguo, kuchuma karafuu. Akupe wiki ya kila moja. Mie kuinua mikono juu ya mabega nilikatazwa mwezi mzima, na kazi za nguvu wiki sita. Kidonda kilipofumuka ikawa miezi mitatu.

Ulizeni.

---

Shoga_wa_Malindi

Pole sana mwenzangu, na ahsante kwa kusema la choo, wallahi sikuwahi kulifikiria. Bei je?

Mwalimu_Chake

Shoga, bei yangu haitakusaidia kwa sababu inategemea unapofanyia na unakatwa kiasi gani. Nikusaidie kuhesabu. Bei wanayotaja kwenye simu mara nyingi ni ya daktari peke yake. Ongeza mtu wa nusu kaputi, kitanda, vipimo, dawa, soksi za kubana jozi mbili (moja ikifuliwa moja umevaa, utazivaa mchana na usiku wiki nne mpaka sita). Ongeza nauli ya boti au ndege ya watu wawili kwenda na kurudi, na chumba karibu na hospitali angalau wiki mbili, usirudi kisiwani huku mirija haijatoka. Kisha weka akiba ya marekebisho, maana wako wanaorudi kukatwa tena kipande au kutengenezwa kovu. Bima kwa kawaida hazilipi upasuaji wa urembo. Mie nilicheza michezo miwili ya kuchangiana pesa na kuuza bangili.

Shoga_wa_Malindi

Na ulifanyia bara au India?

Mwalimu_Chake

Hilo nimesema silitaji. Bara wapo mabingwa wa upasuaji rekebishi, na hata Muhimbili kule Mloganzila wana huduma hizi za maumbo na kupunguza uzito. Popote uendapo, jina la daktari liulizie Baraza la Madaktari kama amesajiliwa na kwa ubingwa gani. Daktari wa uzazi ni daktari, lakini mikono si kazi yake. Na nusu kaputi isifanyike kwenye chumba cha saluni, hata wakupake rangi nzuri ukutani.

---

Abuu_Wete

Dada, sina nia ya kukuudhi. Lakini je, huku si kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu? Tunaambiwa tuwe wakweli humu.

Mwalimu_Chake

Hujaniudhi kaka. Mie mwenyewe swali hilo lilinilaza macho miezi. Nilimwendea sheikh wetu pamoja na mke wa ami yangu, nikaeleza upele, fangasi, na hali ya ngozi. Akanijibu kwa hali yangu mie. Jibu lake silitangazi hapa likawa fatwa ya kila mtu.

Msomaji_Mkunazini

Naongezea kidogo. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Putrajaya, Malaysia, likalijadili suala la upasuaji wa urembo. Walitenganisha kurekebisha kasoro inayomdhuru mtu mwilini au moyoni, na kujibadilisha kwa kufuata matamanio tu. La kwanza lina ruhusa kwa masharti, mojawapo madhara yasiwe makubwa kuliko manufaa. La pili wamelikataza. Kwa hiyo Abuu swali lako ni zuri, na jibu linategemea mtu ana nini.

Umm_Watatu

Na swala ulifanyaje dada? Sijda inaegemea mikono.

Mwalimu_Chake

Niliswali juu ya kiti wiki nne. Takbira mikono niliinua mpaka kifuani, ilipokomea. Udhu nilipangusa juu ya bandeji kama sheikh alivyonielekeza. Kurudi kwenye sijda nilihisi kovu linavuta hasa, nikaanza kwa kuegemea viganja kidogo kidogo. Muulize sheikh wako mapema, usisubiri uko kitandani na dawa za usingizi kichwani.

---

Muuguzi_Mstaafu_Mkoani

Mwanangu umeandika vizuri. Nimefanya kazi wodi za upasuaji zaidi ya miaka thelathini, naomba niongeze yale ambayo mgonjwa huwa hayaoni.

Maji yanaweza kujikusanya chini ya ngozi hata baada ya mirija kutolewa. Mkono unavimba mahali pamoja, ukigusa unacheza kama puto la maji. Hayo hunyonywa kwa sindano, msikande kwa maji moto nyumbani. Mkono mmoja ukivimba ghafla na kukaza kuliko mwenzake siku ya kwanza au ya pili, huenda damu inavuja ndani, hiyo ni ya kurudi hospitali saa hiyohiyo. Joto la mwili, wekundu unaotambaa, usaha, harufu: usisubiri kesho.

Shavu la mguu likiuma na kuvimba, au pumzi ikikata na kifua kuchoma, huenda damu imeganda na kusafiri. Hiyo inaua. Ndiyo maana tunawaamsha mtembee siku ileile ingawa mmekatwa mikono na si miguu. Na wanaopanda ndege ndefu ya kurudi wamuulize daktari siku ngapi wangoje.

Ganzi nayo. Kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mkono karibu na kiwiko, ndio unaohisi ngozi ya mkono wa chini. Ukiguswa, sehemu hiyo inakuwa kama si yako, au inachoma. Kwa wengi inarudi baada ya miezi. Kwa wachache hairudi.

La mwisho ni la kwetu sisi. Toka 2001 tuligawiwa dawa za albendazole na ivermectin Unguja na Pemba nzima kwa ajili ya matende, na kazi kubwa imefanyika. Lakini wapo watu wazima ambao mishipa yao ya maji ya mwili iliharibika zamani. Mkono wako ukiwa mnene upande mmoja, unavimba jioni, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, hiyo si nyama uzembe. Mpime kwanza. Na mama aliyeondolewa tezi za kwapani kwa saratani ya ziwa, huyo mkono wake kukatwa hivi kunaweza kuuvimbisha maisha yake yote. Amwambie daktari kabla hajavua hata bangili.

Mwalimu_Chake

Mama yangu, Mungu akuweke. La ganzi mie ninalo, kipande cha ngozi cha ukubwa wa kiganja kwenye kiwiko cha kulia. Mwaka na zaidi, bado. Nimeungua hapo kwa sufuria nisijue mpaka nilipoona lengelenge.

---

Baba_Swaumu

Mke wangu ndiye amenitumia uzi huu. Anataka kufanya. Mie namuona yuko vizuri tu, nna khofu na nusu kaputi. Nimwambie nini?

Mwalimu_Chake

Shemeji, usimwambie "uko vizuri tu". Mume wangu alinambia hivyo miaka miwili na nikawa navaa mikono mirefu hata chumbani. Muulize anaumwa na nini: upele, uzito, au macho ya watu. Kisha mwende wote kwa daktari na khofu yako uiseme mbele yake, ni khofu ya haki. Mkikubaliana, wewe ndiye utakayepika, kuogesha watoto na kumtawadhisha wiki mbili. Jibu lako kwa hilo litamsaidia kuamua.

Baba_Swaumu

Nimekuelewa. Nimemsomea kwa sauti.

---

Kibanda_Maiti_Girl

Mie nilinyonywa mafuta tu, ngozi ilikuwa nzuri, nna miaka 29. Vitundu vitatu kila mkono, siku ya tano nilirudi kazini ofisini. Ila upande mmoja una bonde dogo. Nasema ili watu wajue hata njia ndogo ina lake.

---

Bint_Micheweni

Dada Mwalimu, nna miaka 24. Nimepungua kilo 20 na bado naendelea. Harusi yangu ni baada ya Mfungo Mosi, miezi mitano ijayo. Nataka gauni lisilo na mikono kwa usiku wa wanawake. Nitakuwa tayari?

Mwalimu_Chake

Mdogo wangu, hongera, na kwa moyo wote nakwambia hapana. Miezi mitano kovu bado litakuwa jeusi na limekaza. Utavaa gauni lisilo na mikono na wanawake wote wa Micheweni wataangalia mistari miwili. Na bado unapungua. Halafu unaolewa, inshaallah utabeba mimba, uzito utapanda na kushuka, mkono utalegea upya juu ya kovu ulilolipia.

Mwambie fundi akushonee mikono ya lesi, inapendeza sana usiku. Uzae kama utajaaliwa, unyonyeshe, uzito usimame. Ukifika hapo na bado ngozi inakusumbua, tafuta miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti. Mie nilifanya Januari, nikavaa soksi za kubana kwenye joto la kaskazi, jasho likaingia kidondani. Kusi bahari inachafuka, boti itakutapisha njia nzima, bora upande ndege hata kama ni kwa kukopa. Mikono haitakuwa na nguvu ya kujishikilia.

Bint_Micheweni

Nimelia kidogo lakini ahsante. Mikono ya lesi inaonyesha ngozi?

Mwalimu_Chake

Mwambie atie kitambaa cha ndani rangi ya ngozi yako, toka begani mpaka chini ya kiwiko. Kama yuko Chake nijulishe, nna fundi mzuri nyuma ya soko, nitakupeleka mwenyewe.